Mshale unaondoka kabla sijatua kwenye doa: kiwewe cha shabaha kinatibiwaje?

Kijana wa Pongwe

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Ninafuma kwa upinde wa mbao, paundi 50 kwa mvuto wa inchi 28, vidole vitatu, hauna saiti (kifaa cha kulengea) wala kifaa kingine chochote. Nikisimama mita 15 kutoka kwenye gunia, chembe ya mshale ikikaribia doa tu, vidole vinafunguka vyenyewe. Mkono unaovuta upote (kamba ya upinde) haujafika kwenye pembe ya mdomo, bado inchi mbili. Mara nyingine inakuwa kinyume: chembe inagoma chini ya doa, naona kabisa inatakiwa ipande kiganja kimoja, mkono haukubali. Mishale mingi inaishia chini kushoto. Nikielekea gunia tupu lisilo na doa, nafuma vizuri.

Nimeongeza mazoezi hadi mishale 100 kwa siku na hali inazidi kuharibika. Nia ni kuwinda kwa leseni msimu ujao, sitaki kumjeruhi mnyama akaenda kufia porini. Naomba mpangilio: nianze na nini, kwa siku ngapi, na nitajuaje kwamba nimepona?

---

Fundi Podo (Bagamoyo)

Marahaba kijana. Jambo la kwanza, acha hiyo mishale 100 leo hii. Kila mshale unaoondoka kabla ya wakati unaufundisha mwili kosa lilelile, na wewe unaufundisha mara mia kila siku.

Hicho kinaitwa kiwewe cha shabaha. Wala si woga. Jicho na vidole vimefungwa pamoja: mwili umezoea kwamba jicho likiona chembe iko kwenye doa, basi vidole viachie. Mwanzoni ilikuwa sawa, ulivuta, ukatua (mkono ukafika kwenye pembe ya mdomo), ukalenga, ukaachia. Kadiri ulivyorudia, mwili ukaanza kuruka hatua. Sasa hausubiri kulenga kuishe, unaachia kwa kudhani. Na ule mgomo wa chini ya doa ni ugonjwa huohuo umevaa nguo nyingine: ndani unajua kwamba chembe ikifika mshale utaondoka, kwa hiyo unaizuia isifike.

Kabla ya dawa, pima. Simama mita 2 kutoka gunia lisilo na alama, weka mshale, vuta hadi mkono utue, hesabu polepole hadi nne, kisha rejesha upote bila kuachia. Rudia mara kumi, ukipumzika nusu dakika katikati.

Ukishindwa hata hapo, ukaanza kutetemeka mara ya tano au ya sita, upinde ni mzito kwako na hakuna zoezi la akili litakalosaidia. Ukiweza zote kumi vizuri, nguvu ipo, tatizo liko kwenye picha ya doa. Kwa maelezo yako nadhani una yote mawili.

Upime na uzito wenyewe. Maandishi ya kwenye upinde ni ya inchi 28, na kila inchi unayopunguza inaondoa ratili (paundi) mbili hadi tatu. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, ining'inize juu, tundika upote kwenye ndoano yake, kisha vuta upinde kuelekea chini, umeushika pale pa kushikia. Weka alama ya wino kwenye mshale kwa urefu unaovuta wewe, uvute hadi kwenye alama, soma. Ratili 50 ni karibu kilo 23. Ukitua kwenye kilo 18 ujue mvuto wako ni mfupi, na upinde haukupi kile ulichodhani unacho.

Kwa tiba tafuta upinde wa ratili 25 hadi 30, yaani kilo 11 hadi 14. Azima kama huna. Huo wa 50 ufungue upote, uutundike kivulini, usiuguse kwa mwezi mmoja. Na usiuache umefungwa upote mchana kutwa, joto la pwani na unyevu wake vinaulegeza mti.

---

Mama Mishale

Naongeza hapo kwenye vipimo, maana watu wengi wa pwani wanatibu kiwewe ambacho hawana. Jasho. Upote unateleza kwenye vidole vilivyolowa, mshale unaondoka mapema, mtu anajiita mgonjwa. Kagua kipande cha ngozi unachovaa vidoleni: kama kimelainika na kina mfereji mzito pale upote unapokaa, badilisha. Kausha mkono, paka poda kidogo kwenye ngozi, halafu fuma mishale mitano kwenye gunia tupu. Kwa kuwa wewe unasema gunia tupu halikusumbui, lako ni kiwewe kweli. Ila wengine mnaosoma, anzeni na jasho.

Chini kushoto nako kunaeleweka. Mvuto mfupi unaangusha mshale, na mkono wa upote ukiachia kwa kuruka nje, mbali na shavu, mkia wa mshale unasukumwa na chembe inakwenda kushoto kwa anayevuta kwa mkono wa kulia. Usisogeze jicho kulia ili kufidia, utakuwa unajenga kosa juu ya kosa.

---

Fundi Podo (Bagamoyo)

Ahsante Mama. Sasa dawa.

Wiki tatu za kwanza hakuna doa kabisa. Gunia la kilo 100, lijaze matambara na mifuko ya nailoni, likandamize mpaka mshale wa upinde mwepesi usizame zaidi ya kiganja. Makumbi ya nazi usiyatie, yanabana mshale na kuuchomoa kunavunja. Liinue kwenye mti au meza ili katikati yake iwe sawa na bega lako. Likikaa chini utainamisha mkono badala ya kiuno, umbo lote la mwili linavunjika. Nyuma yake liwe na tuta la mchanga, maana mashamba ya minazi yana njia za watu na watoto.

Simama mita 2. Mishale 20 hadi 30 kwa siku, si zaidi. Vuta ukiwa na macho wazi, hakikisha mshale unaelekea katikati ya gunia, tua, kisha funga macho. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukiwa umefumba, sikiliza mambo matatu: kidole cha kati kiko kwenye pembe ya mdomo, kiwiko cha nyuma kiko kwenye mstari mmoja na mshale, na bapa la bega la nyuma linasogea kuelekea uti wa mgongo. Lisogee taratibu, bila kusimama. Vidole havifunguliwi. Vinalegea, upote unajiondokea. Mkono uliouachia upite chini ya sikio ukiwa umegusa shavu. Ukijikuta mkono uko hewani mbele ya uso, umefungua vidole kwa amri.

Katika kila mivuto minne, mitatu irejeshe bila kuachia. Huu ndio mzizi wa tiba yote, na ndio watu wanaouruka kwa sababu unachosha na haufurahishi. Mwili lazima ujifunze kwamba kutua hakumaanishi kuachia. Rejesha mshale ukiwa kwenye upote na unaelekea gunia, usifanye zoezi hili bila mshale. Upote ukikuponyoka bila mshale, upinde wa mbao unaweza kupasuka papo hapo.

---

Kijana wa Pongwe

Nimeelewa mzee wangu, ahsante sana. Maswali mawili. Hizo wiki tatu, je, jioni naweza kufuma mishale mitano tu ya mita 15 ili nisisahau umbali? Na nikiwa natua, ni kitu gani kiniambie "sasa achia" ikiwa si jicho?

---

Fundi Podo (Bagamoyo)

La kwanza, hapana. Mishale mitano yenye kosa itafuta kazi ya ishirini iliyo safi. Umbali hutausahau kwa siku 21.

La pili nawaachia wenzangu, wapo wanaolijua vizuri kuliko mimi.

---

Ngwena

Mkuu, hilo la pili ndilo lenye uzito. Tatizo likiwa jicho ndilo linalotoa amri, inabidi amri uipe kiungo kingine, kitu ambacho hakiwezi kutokea mpaka uwe umevuta kikamilifu. Ziko njia mbili.

Ya kwanza ni unyoya. Panga ugwe (upote) na mkao wa kichwa ili unyoya mmoja wa mshale uguse ncha ya pua pale tu bega la nyuma likishamaliza safari yake. Mkono ukiwa pungufu, hata nusu inchi, haugusi. Ukigusa ndiyo ruhusa. Haina gharama, haina sauti. Ubaya wake, ukisogeza kichwa mbele kuufuata unyoya umejidanganya, kwa hiyo mtu akusimamie pembeni siku za mwanzo aangalie shingo.

Ya pili ni kibati cha mlio. Ni vipande viwili vya chuma chembamba vinavyobandikwa kwenye tawi moja la upinde na kuunganishwa na ugwe kwa uzi. Ukivuta hadi urefu uliowekwa, uzi unakaza na kibati kinalia "tik". Urefu huo uuweke milimita 3 hadi 5 kupita pale mkono unapotua, ili baada ya kutua ulazimike kuendelea kuvuta kwa mgongo. Ukiuweka mfupi kitalia ukiwa bado njiani, na hapo umetengeneza kiwewe kipya cha sauti.

Vyovyote utakavyochagua, ongeza maneno. Baada ya kulenga jiambie kwa sauti "vuta... vuta... vuta" mpaka alama itokee. Kichwa kikiwa na kazi ya kusema hakipati nafasi ya kudhani. Siku neno likikatika katikati na mshale umeondoka, ujue hukuachia wewe.

---

Bibi Muheza

Kwa kibati mimi sikubaliani na Ngwena moja kwa moja, kwa sababu kijana anataka kuwinda. Ile "tik" kwenye kichaka kimya, mnyama yuko mita 12, inatosha kumfanya ajikunje kabla mshale haujafika. Kibati kitumike kwenye gunia kwa mwezi wa kwanza, halafu ahamie unyoya mapema ili porini asiwe na alama mpya. Na hata kwenye gunia, kikilia mara nyingine arejeshe tu asifume. Asipofanya hivyo, vidole vitajifunza kuruka kwa sauti kama vilivyokuwa vikiruka kwa doa.

---

Ngwena

Bibi umesema kweli, hapo nimeteleza. Kibati cha kujifunzia, unyoya wa kuwindia.

---

Mama Mishale

Baada ya wiki tatu usikimbilie mita 15. Chora duara la ukubwa wa kisahani cha chai, simama mita 3, upinde ni uleule mwepesi. Siku ya kwanza usifume kabisa: vuta, tua, lenga katikati ya kisahani, hesabu nne, rejesha, mara ishirini. Ule mgomo wa chembe chini ya doa unavunjika hapa, kwa sababu unajua mapema kwamba hakuna mshale utakaoondoka. Chembe itapanda yenyewe.

Kesho yake mshale mmoja kwa kila mivuto minne. Daftarini usiandike mishale mingapi imeingia kwenye duara. Andika mingapi imeondoka kwa ruhusa yako na mingapi imejiondokea. Siku mbili mfululizo bila hata mmoja wa kujiondokea, rudi nyuma mita 2: tatu, tano, saba, tisa, hadi kumi na tano. Ukitoka mmoja wa kujiondokea, sogea mbele mita 2 palepale, usijadiliane nao.

Ukifika mita 15 salama, ndipo uongeze uzito, na umbali unarudi kuanzia mita 5. Paundi 30 kwenda 40, kaa hapo. Ukitaka kurudi 50, rudia kile kipimo cha mivuto kumi cha Fundi. Upinde wa 40 unaotua kikamilifu, mshale wenye chembe yenye makali ya kunyoa, ni bora kuliko wa 50 unaoishia njiani.

Fuma asubuhi mapema. Kusi ikianza kuvuma mshale mwepesi unayumba, utaanza kushuku vidole vyako bure.

---

Bibi Muheza

La kuwinda sasa. Saadani ni hifadhi ya taifa, humo hakuna kuwinda. Kwingine bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kwa hiyo nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya uulize mapema, pamoja na silaha unayokusudia kutumia.

Kiwewe hurudi mbele ya mnyama kwa sababu mnyama hana doa. Jicho linatazama pembe, linatazama mwili mzima, vidole vinaachia kwa kuona wingi wa nyama. Miezi ya mwisho ya mazoezi toa kisahani. Kata umbo la mnyama kwenye boksi kubwa, ulitundike mbele ya gunia, usiweke alama yoyote, ujizoeze kuchagua sehemu ya ukubwa wa shilingi nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Mnyama awe amesimama ubavu au amegeuka kidogo kukupa nyuma, mguu wa karibu ukiwa mbele. Akikuelekea kifua, usivute.

Na usivute mapema. Subiri kichwa chake kipite nyuma ya mti ndipo uanze. Ukishatua, naye akageuka, rejesha taratibu, mkono ushuke karibu na mwili. Kurejesha huku kufanyie mazoezi ukiwa umepiga goti, ukiwa umekaa, ukiwa nyuma ya mnazi, mara nyingi kuliko unavyofuma.

---

Kijana wa Pongwe

Nimepima jioni hii kwa mizani ya samaki. Upinde unasoma kilo 19 pale ninapotua, na nimeshindwa mvuto wa saba. Nimeazima wa paundi 28, gunia nalijaza kesho. Ahsanteni sana wazee wangu na wakuu.

---

Fundi Podo (Bagamoyo)

Kilo 19 ni ratili 42 hivi, basi unavuta inchi 25 badala ya 28. Upinde mwepesi ukikufikisha kwenye mvuto wako halisi, weka alama mpya ya wino kwenye mshale, na siku ya kurudi kwenye uzito mkubwa alama hiyo ndiyo itakayosema kama umefika au umeanza tena kukatiza njiani.