Naomba ushauri: keneli (kiini cha Linux) niliyojijengea, initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuwashia mashine) niiache au niitoe?

Wakuu, habari za majukumu. Nipo Mbeya, Mwanjelwa, natengeneza kompyuta. Kuna mashine za mezani za zamani nazifungia Debian (aina ya Linux), na keneli nakompaili mwenyewe ili iwe nyepesi. Draiva ya AHCI (ya kusoma diski) na ext4 (mfumo wa mafaili) nimezichagulia Y badala ya M (moduli ya pembeni), yaani zimo ndani ya keneli yenyewe. Mashine zinawaka vizuri bila initramfs, mradi GRUB (programu inayoipakia keneli) iwe na root=PARTUUID, yaani namba ya kipande cha diski. Nikiandika root=UUID inagoma palepale na kutoa "unknown-block(0,0)". Hilo nalielewa: UUID ya ext4, yaani namba ya mfumo wa mafaili wenyewe, inatafutwa na programu zilizo ndani ya initramfs, keneli peke yake haiijui.

Kinachoniumiza kichwa ni laptopu ya mwalimu mmoja wa Tukuyu. Anatunza mitihani humo, anataka diski ifungwe kwa LUKS (usimbaji wa diski kwa nywila). Lazima kiwepo kitu cha kumuuliza nywila kabla mfumo wenyewe haujafunguka, kwa hiyo hapo initramfs haikwepeki. Sasa nitumie initramfs-tools (kitengenezaji cha Debian) yenye MODULES=dep (moduli za mashine hiyo tu) isiwe kubwa, au nijenge ya mkono yenye busybox (amri za msingi) na cryptsetup (ya kufungua LUKS) tu? Namwonea huruma, keneli ikisasishwa akiwa kule isipowaka, nani atamsaidia?

Na hizi za mezani, microcode ya Intel (marekebisho ya prosesa) ambayo Debian huipakia kupitia initramfs, niiingize kwenye keneli kwa chaguo la CONFIG_EXTRA_FIRMWARE? Aliyewahi kufanya hivyo naomba anielekeze, mwalimu anaisubiri mashine yake.