Tuhesabu maneno ya mama peke yake, au ya ua mzima?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Juzi nilimsindikiza shemeji yangu kliniki, mwanawe ana miezi 22. Kabla ya mizani tukapewa somo: mama, msemeshe mtoto, mtajie kila unachofanya, asiyesikia maneno ya kutosha akifika darasa la kwanza ameshaachwa nyuma. Mtoa somo akamalizia kwamba mtoto wa maskini husikia maneno milioni 30 pungufu kuliko mtoto wa tajiri. Benchi zima likanyamaza. Shemeji ni mtu wa maneno machache tangu nimjue. Aliinamia ile kadi ya kliniki kama mwanafunzi aliyefeli.

Hiyo milioni 30 naijua ilikotoka, na ndiyo iliyonileta hapa.

Mwaka 1995 Betty Hart na Todd Risley walichapisha utafiti wao wa Kansas City, Marekani. Familia 42. Mtafiti alikwenda nyumbani mara moja kwa mwezi na kinasa sauti, akakaa saa moja, tangu mtoto hajatimiza mwaka hadi afikishe mitatu. Kwenye nyumba za wasomi wenye kazi nzuri mtoto alisemeshwa maneno kama 2,153 kwa saa; kwenye nyumba zinazoishi kwa msaada wa serikali, 616. Wakazidisha kwa masaa ya wiki, kwa miaka, mpaka mtoto wa miaka minne, ndipo milioni 30 ikapatikana. Sasa sikieni: hizo familia za msaada zilikuwa sita. Sita tu, na zote za watu weusi. Mgeni wa chuo kikuu kakaa sebuleni kwako na mashine yake, wewe utabwabwaja?

Mwaka 2018 Douglas Sperry na wenzake walitoa matokeo ya jamii tano za Marekani, watoto 42 vilevile. Safari hii hawakuishia kwa mama. Walihesabu pia wengine wanaomsemesha mtoto, na mazungumzo ya wengine ambayo mtoto anayasikia pembeni. Pengo likayumba: kuna jamii maskini ya watu weusi kule Alabama ambako watoto walisikia maneno mengi kuliko maskini wa Kansas kwa mbali.

Nije nyumbani. Jumapili nilikaa kwa shemeji, nikamwangalia huyo mtoto kuanzia saa tisa mpaka saa kumi. Mama alikuwa anachambua mchele, kasema naye mara nne: "Acha", "Njoo", "Umejikojolea?" na "Acha" tena. Lakini dada yake wa miaka minane alimwimbia, akamzomea, akamuuliza pua iko wapi. Bibi akamtuma: "Nipelekee kata hii kwa mama yako." Mtoto akaichukua, akaifikisha, akarudi kupigiwa makofi. Muuza maandazi akamsalimia kwa utani wa "mume wangu hujambo", naye akajificha kwenye kanga ya bibi huku anacheka. Mgeni wa Kansas angeandika mara nne.

Hoja yangu: kabla hatujawatia hatia kina mama, tuhesabu ua mzima. Mwaka 2021 Tanzania ilizindua programu ya taifa ya malezi ya watoto wadogo, PJT-MMMAM, nami naiunga mkono. Ninachouliza ni kipimo tunachobeba kwenda nacho kwa watu.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii

Naomba kutofautiana nawe mkuu, tena bila kuzunguka. Mimi ni mmoja wa hao watoa somo.

Kwanza, milioni 30 nakuachia, hata mimi sipendi kuitaja. Lakini ua wako usiuamini kupita kiasi. Laura Shneidman na Susan Goldin-Meadow waliwafuatilia watoto wa Wamaya wa Yucatán, Mexico, kwenye nyumba za watu wengi kama hizo zetu, wakachapisha 2012. Mtoto wa miezi 24 alisikia mengi sana pembeni. Ila msamiati wake akiwa na miezi 35 haukufuata yale ya pembeni. Ulifuata maneno aliyoelekezewa yeye mwenyewe, tena na watu wazima. Huyo dada wa miaka minane simdharau, lakini hakuwa ndiye aliyeleta tofauti.

Pili, Senegal. Kuna vijiji ambako watu waliona si vizuri kumsemesha mchanga, wengine wakihofia kwamba mashetani yatamdhuru. Shirika la Tostan likafanya nao kazi kwa Kiwolof, kwa upole, likieleza ubongo wa mtoto unavyokua. Ann Weber na Anne Fernald pamoja na Yatma Diop walipima kabla na baada. Walezi wakawa wanaongea zaidi na watoto, na watoto wakawa na maneno zaidi. Hakuna aliyenyang'anywa utamaduni wake.

Kumwambia mama "msemeshe" ni bure. Haina sindano, haina bili. Unataka tunyamaze ili asione aibu?

Mzaliwa wa Kisii

Naona sisi tumeshaandikwa vitabuni bila kuulizwa, ha ha. Robert LeVine na timu yake walikaa Kisii miaka ya 1970, wakaona mama wa Kigusii akimjibu mtoto kwa mwili: anambeba, anamnyonyesha, anamtuliza haraka. Maneno machache, kutazamana machoni kidogo. Akina mama wa Marekani wao waliongea na kuulizauliza mchana kutwa.

Hao akina mama hawakuzembea. Kazi ya kwanza ilikuwa mtoto asife na asilie. Maongezi angeyapata kwa wakubwa zake. Na akishasimama, anatumwa. Kutumwa kuna darasa ndani yake: usikie, uelewe, ukumbuke njiani, ufikishe. Robert Serpell alilikuta jambo hilohilo kwa Wachewa wa Katete, Zambia: walipoulizwa mtoto mwenye akili ni yupi, waliwaza yule unayeweza kumtuma. Halafu mgeni akimwekea picha ya tufaha mezani amtajie jina, mtoto ananyamaza, mgeni anaandika "hajui". Kwetu mtoto haulizwi na mtu mzima kitu ambacho mtu mzima anakijua. Yeye anashangaa tu, huyu mzee ana shida gani?

Mhudumu, hilo la Yucatán ni zito, silikatai. Lakini Marisa Casillas na wenzake walipoweka vinasa sauti Tenejapa, kwa Wamaya wa Chiapas, watoto walisemeshwa chini ya dakika nne kwa saa. Neno la kwanza na kuunganisha maneno vilifika wakati uleule tunaoutegemea kwa watoto wa mahali pengine. Msamiati mpana ni jambo moja, kuanza kusema ni jingine. Kliniki inavichanganya.

Baba Pacha

Mnapimana maneno ya mama na ya bibi wakati mtoto yuko na simu! Kwangu pacha walikuwa wanajua nyimbo za katuni za Kiingereza na kuomba maji hawajui. Mtafiti Patricia Kuhl alishalimaliza hili 2003: watoto wa Kimarekani wa miezi tisa walikutana na mtu anayeongea Kichina mara 12, wakazishika sauti za lugha hiyo. Wenzao waliooneshwa mtu huyohuyo kwenye video hawakuambulia kitu. WHO nao 2019 walisema chini ya mwaka mmoja hakuna skrini kabisa. Tuanzie hapo, mengine ni ubishi wa wasomi.

Mama wa mchelewa kusema

Mimi nitasema la kwangu halafu nirudi kuepua wali.

Mwanangu alifika miaka miwili na nusu hana neno, labda "mma" akitaka maji. Jirani akasema ana udata, yaani ulimi umeshikwa chini, akatwe. Mwingine akasema nimembeba sana. Kituoni nikaambiwa nimsemeshe zaidi. Mimi! Ninayeongea kama redio ya mbao! Nikaenda kuongea maradufu. Nikimwosha naongea, nikimenya viazi naongea, mume wangu akawa anahama chumba. Miezi sita nimeimaliza hivyo, huku nikijilaumu kwamba bado sijatosha.

Siku moja sufuria lilianguka nyuma yake, kishindo cha kuamsha mtaa, hakugeuka. Ndipo nilipoenda mwenyewe hospitali nyingine kumpima masikio. Masikio yote mawili yalikuwa yamejaa majimaji. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuyaangalia, kwa sababu jibu lilikuwa tayari: mama haongei vya kutosha.

Kwa hiyo mhudumu, hapo kwenye bure, si bure. Mimi nimelipa miezi sita.

Mleta mada

Mama, pole sana. Bora umekuja.

Mhudumu, nakubali sehemu. Yucatán sikuwa naijua vizuri na imenipunguzia kiburi. Sitasema tena kwamba kelele za ua zinatosha. Ila angalia, somo la kliniki lilianza kwa kutoa hukumu bila kuuliza. Kilifi wapo waliofanya kinyume. Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno ya mtoto kwa Kigiriama na Kiswahili, wakachapisha 2015. Hawakumpa mama karatasi ajaze, maana wengi hawasomi. Walikaa naye na kumuuliza: hili analisema? Hili analielewa? Mama akawa shahidi wa mwanawe. Huyo mama aliyeandika hapo juu angeulizwa hivyo, neno "mma" lingejitokeza peke yake kwenye orodha nzima, na mtu angeshtuka mapema.

Baba Pacha, la simu nakubaliana nawe, ila usilitumie kufunga mjadala.

Swali langu la mwisho kwako mhudumu, na silo la kukutega: ukifika nyumbani, unauliza nani anashinda na mtoto? Kwa shemeji mama anatoka alfajiri kwenda sokoni siku tano kwa wiki. Siku hizo mtu mzima anayebaki ni bibi, na kliniki hajawahi kuitwa.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii

Siulizi. Kitini changu, nakala ya kurudufu isiyo hata na jalada, kinasema "mama na baba" kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na masikio yamo, ukurasa wa nyuma, mstari mmoja: simama nyuma ya mtoto, piga makofi. Huwa naishia njiani kabla ya kuufikia.

Jumatano nina kaya saba. Nitaanza na makofi, halafu nimtafute bibi.