Michango na Misiba Tu

Kikundi: BATI ZA BABU (Michango na Misiba Tu)
Jumapili, 20 Aprili 2025

[18:02] Rama Dar: MNYAMAAAA 🦁🦁🦁

[18:02] Rama Dar: Simba 1 Stellenbosch 0. Faulo moja ya Ahoua, kwisha habari yao. Wiki ijayo tunamalizia kwao Afrika Kusini, fainali ya Shirikisho hiyoooo

[18:05] Mama Mkubwa Somoe: Kelele zote hizo kwa bao moja?

[18:05] Mama Mkubwa Somoe: Halafu someni jina la kikundi. Humu ni bati za babu yenu. Zimebaki bati 14 na mvua ya juzi imemkuta kitandani.

[18:06] Rama Dar: Shikamoo mama

[18:06] Mama Mkubwa Somoe: Marahaba. Elfu 20 yako iko wapi?

[18:08] Rama Dar: Kuna kitu nakisubiri saa 2 usiku mama. Kikitiki tu natuma na ya kutolea.

[18:08] Zuhura Masasi: Kitu chenyewe kinaitwa mkeka 😂

[18:09] Rama Dar: Zuhura nyamaza

[18:09] Mama Mkubwa Somoe: Mkeka wa kulalia?

[18:10] Zuhura Masasi: Ndiyo shangazi. Wa kulalia njaa.

[18:13] Rama Dar: Wote nyie Yanga, mna wivu tu

[18:14] Mama Mkubwa Somoe: Nyie ndio mliogoma kuja uwanjani kucheza na sisi Machi 8, usinianze.

[20:26] Shafii: Tumeshuka

[20:27] Mama: Umeshuka wapi mwanangu? Gari imeharibika?

[20:27] Mama: Si uliniambia uko hapo Chikongola unaangalia mpira? Umesafiri bila kuaga?

[20:28] Mama: Mbona hupokei simu

[20:29] Zuhura Masasi: 😂😂😂 Shangazi tulia. Ni Leicester. Imeshuka daraja.

[20:30] Mama: Nani huyo?

[20:30] Zuhura Masasi: Timu yake ya Uingereza

[20:31] Mama: Mimi nimeshajifunga khanga nije stendi. Shafii una adabu kweli?

[20:34] Shafii: Samahani mama. Sina hata nguvu ya kuandika.

[20:34] Mjomba Issa: Poleni sana na msiba. Mazishi ni leo au mnasubiri ndugu wa mbali?

[20:35] Shafii: Mjomba shikamoo. Leo usinitanie tafadhali.

[20:35] Mjomba Issa: Marahaba. Sitanii, si kikundi cha misiba hiki? Nauliza taratibu.

[20:41] Shafii: Liverpool wametufunga 1-0, pale pale kwetu. Alexander-Arnold katoka benchi, dakika ya 76 kafunga, tena kwa mguu wa kushoto ambao hata si wake. Lakini mimi sina hasira na bao. Mtu anayeongoza ligi akikufunga unasema sawa. Hasira yangu ni kwamba tumecheza mechi 9 za ligi mfululizo nyumbani hatujafunga bao hata 1. TISA. Mtu ana watoto, kalipa tiketi, kaja mara 9 na karudi nyumbani hajasimama kushangilia. Mechi 33, pointi 18. Bado mechi 5 na hakuna hesabu tena ya kupiga.

[20:42] Zuhura Masasi: Kwetu umesema?

[20:42] Shafii: Ndiyo, kwetu

[20:43] Zuhura Masasi: Haya. Mmakonde wa Leicester.

[20:44] Mjomba Issa: Sasa si mlikuwa mmepanda mwaka jana tu?

[20:47] Shafii: Ndiyo hapo. Tulishuka 2023, 2024 tukarudi kama mabingwa wa daraja la chini, pointi 97. Kocha aliyetupandisha, Maresca, nani alimchukua mjomba?

[20:47] Shafii: Sema mwenyewe

[20:48] Mjomba Issa: Chelsea ikihitaji kitu inachukua. Sisi si watu wa kuomba.

[20:50] Shafii: Akaja Cooper, Novemba akafukuzwa. Akaja Van Nistelrooy, alikuwa mshambuliaji hatari enzi zake, nikasema huyu angalau atawafundisha kufunga. Kumbe kufunga hakuambukizi. Na si sisi peke yetu. Southampton kashazikwa, Ipswich anachungulia kaburi, wote tulipanda pamoja. Msimu uliopita pia watatu waliopanda ndio watatu walioshuka. Unapanda kwenda kuwasalimia tu wenye ligi yao.

[20:51] Rama Dar: Dogo si uhame tu? Njoo hata Arsenal kuna nafasi

[20:51] Shafii: Siwezi

[20:52] Rama Dar: Umesaini mkataba?

[20:52] Shafii: Muulizeni mjomba. Yeye ndiye aliyeniponza.

[20:53] Mjomba Issa: Mimi tena?

[20:57] Shafii: Nilikuwa darasa la 5. Ukaniletea jezi ya mitumba kutoka Sabasaba, ya bluu, kubwa, inanifika magotini, ukasema utakua nayo. Ukaniambia hii ni Chelsea, kuanzia leo wewe mtu wa Chelsea kama mjomba wako. Kifuani imeandikwa King Power. Nikaivaa mwezi mzima najua ni Chelsea. Mei 2016, Jumatatu usiku, ukanichukua kwenda kibanda umiza kuangalia Chelsea na Tottenham, mama kafikiri nimelala. Hazard kasawazisha 2-2, wewe ukaniinua juu. Mwenye kibanda akanishika bega, akaniambia dogo hongera, wewe ndiye bingwa wa Uingereza leo. Nikamwambia lakini ni sare. Akacheka mpaka akakaa chini. Ndiyo siku nimejua nimevaa Leicester, na sare ile ndiyo imewapa ubingwa.

[20:57] Zuhura Masasi: 😂😂😂😂 baba jamani

[20:58] Mama: Jumatatu usiku??? Issa?

[20:58] Mjomba Issa: Dada hiyo ni miaka 9 iliyopita, imeshaoza.

[20:59] Mama: Haijaoza. Kesho nitakupigia.

[21:00] Mjomba Issa: Bluu ni bluu bwana. Muuzaji mwenyewe aliniambia Chelsea.

[21:01] Shafii: Mtu alikuwa anapewa 5000 kwa 1 kwamba Leicester atachukua ubingwa, akachukua. Ningehamaje mjomba? Nilidhani mpira ndivyo ulivyo.

[21:14] Mjomba Issa: Sasa nisikilize, maana utani umeisha. Wewe unalia timu ambayo hujawahi hata kunusa nyasi za uwanja wake. Sikulaumu. Ila mimi nimelia pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, na nilikuwa naenda kwa baiskeli kutoka Mikindani. Ndanda yetu ya hapa Mtwara imepanda Ligi Kuu 2014, imekaa misimu 6. Wanakuchele! Ulikuwa mdogo lakini unakumbuka. Siku anakuja Simba au Yanga, gesti zimejaa, pweza kapanda bei, tarumbeta tangu asubuhi. Naingia na kitambaa changu natafuta wenzangu wa kukaa nao. Jukwaa zima jekundu. Na si watu waliotoka Dar. Ni watu wa Chikongola, wa Magomeni, wa Shangani, ninaowajua majina na majina ya baba zao, wanamshangilia mgeni ndani ya nyumba yetu. Siku ya Yanga ikija ni kijani na njano, wale wale waliobaki. Tukifungwa, mji unaripuka. Sijui kama kuna timu inaweza kucheza ugenini kwao kila mara na ikaishi.

[21:17] Mjomba Issa: Halafu aje Kagera Sugar sasa. Au Mbao. Hapo ndipo utaona. Tupo wazee, tupo na watoto waliopanda miti ya nje, na muuza karanga mmoja ambaye karanga zake ninamaliza mimi. Mnasema hela hakuna, hela hakuna. Hela ya kiingilio ilikuwa mifukoni mwetu, ilikuwa inasubiri Simba aje.

[21:21] Mjomba Issa: 2020 tukashuka. Mwaka wa korona, ligi ilisimama Machi, ikarudi Juni, hata kulia hukuweza kulia vizuri. Tukaenda na Lipuli, Alliance na Singida United. Mpaka leo hatujarudi. Wewe kule kwenu ukishuka unapewa hela za kukupoza miaka miwili, mitatu, unasajili, unarudi. Huku ukishuka wachezaji wanapanda basi la Dar asubuhi yake na wewe unasoma majina yao kwenye timu nyingine. Siku ile niliandika humu humu. Kikundi hiki kilikuwa kinaitwa Harusi ya Zuhura. Niliandika "Ndanda imeshuka". Mnajua aliyenijibu?

[21:22] Mjomba Issa: Rama. Aliweka picha ya Simba na kombe.

[21:40] Rama Dar: Mjomba mimi nilikuwa sijaiona meseji yako

[21:41] Mjomba Issa: Ilikuwa juu ya picha yako, mwanangu.

[21:52] Mama Mkubwa Somoe: Mimi siku ya Yanga nilivaa njano. Ni kweli.

[21:53] Mjomba Issa: Nilikuona dada. Ulikuwa na vuvuzela.

[21:53] Mama Mkubwa Somoe: Niliazima

[21:55] Zuhura Masasi: Na mimi nilikuja, mwaka wa pili chuo. Sikuvaa kitu lakini nilishangilia bao la Yanga. Nisamehe baba.

[21:56] Mjomba Issa: Wewe niliambiwa siku ile ile.

[21:58] Shafii: Mjomba pole kwa Ndanda. Kwa kweli pole.

[22:01] Mjomba Issa: Imechelewa miaka 5 lakini nimeipokea. Na wewe pole. Kanywe maji ulale.

[22:03] Mama Mkubwa Somoe: Rama, kile kitu cha saa 2 kimetiki?

[22:09] Rama Dar: Niliweka Liverpool washinde kuanzia mabao 2

[22:10] Zuhura Masasi: 🤣🤣🤣

[22:10] Shafii: Basi angalau hilo tumelizuia

[22:12] Mama Mkubwa Somoe: Sijaelewa. Bati zinakuja au haziji?

Jumapili, 18 Mei 2025

[09:15] Mama Mkubwa Somoe: Asalaam aleykum wote. Rama mwanangu uko salama? Tangu jana usiku huonekani.

[09:16] Zuhura Masasi: Shangazi usimsumbue, bado yuko Morocco anaokota mabao

[09:17] Mama Mkubwa Somoe: Mangapi?

[09:17] Zuhura Masasi: Berkane 2 Simba 0, tena yote mapema kabla watu hawajakaa vizuri

[09:40] Rama Dar: Bado marudiano Jumapili ijayo Zanzibar. Cheka mwisho.

[09:41] Mama Mkubwa Somoe: Marahaba.

[09:42] Rama Dar: Shikamoo mama

[17:29] Shafii: VARDYYYYYYY

[17:29] Shafii: VARDYYYY JAMANI

[17:30] Mama: Nani tena amefariki

[17:33] Shafii: Hapana mama! Vardy kafunga, dhidi ya Ipswich. Ni bao lake la 200 Leicester, na hii ni mechi yake ya 500, na ndiyo ya mwisho, anaondoka. Alisajiliwa tarehe kama ya leo, 18 Mei 2012, kutoka Fleetwood, vitimu vya huko chini kabisa. Ana miaka 38. Hesabu imekaa kama mtu kaiandika.

[17:34] Mama: Kwa hiyo mmepanda?

[17:34] Shafii: Hapana mama, tumeshashuka. Ipswich wenyewe nao wameshuka.

[17:35] Mama: Sasa kilichokupigisha kelele ni nini?

[17:36] Mjomba Issa: Dada muache.

[18:44] Shafii: Tunaongoza 2-0, mpira unaisha. Alipotolewa wachezaji wamempangia mistari miwili apite katikati. Hapa kibandani niko peke yangu, wengine wote wanabishana Simba na Berkane. Mwenye kibanda kaniwekea kwenye kile kitivii kidogo cha kuchajia simu.

[18:46] Mjomba Issa: Umelipa?

[18:46] Shafii: Kakataa hela. Kasema kesi yangu anaijua tangu 2016.

[18:50] Shafii: Mama ile jezi iko wapi? Sasa hivi si itanitosha kabisa

[18:52] Mama: Ipo. Babu yako ndiyo nguo yake ya shamba, anapulizia salfa kwenye mikorosho kila mwaka.

[18:53] Shafii: MAMA

[18:58] Mama: 📷 Picha

[18:58] Mama: Huyo hapo, leo asubuhi kwenye bati mpya. Nilikuwa nampiga picha ya kuwatumia waliochanga.

[18:59] Zuhura Masasi: Bati zinameta mashaallah. Kifuani imebaki "KING" tu, Power yote salfa imekula 😂

[19:00] Mama Mkubwa Somoe: Huku pembeni palipo wazi ni bati 2 za Rama.

[19:03] Shafii: Mwambieni asiivae tena jamani. Naifuata Jumamosi.

[19:04] Mama: Atavaa nini shambani? Issa, wewe si una ile ya Ndanda haina kazi?

[19:05] Mjomba Issa: Ya Ndanda haitoki ndani. Msiniangalie mimi.