Biti ipi ya ruta kwa milango na droo za kabati zisizo na vishikio?

Seremala_Keko: Wakuu, mteja wangu wa jikoni hataki kishikio hata kimoja. Milango ni MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya mm 18 ya kupigwa rangi, droo ni mninga wa mm 20. Nimebakiwa na biti tatu za ruta (mashine ya kuchonga kingo za mbao) za kuchagua: ya digrii 45, ya kova (inayochonga mbonyeo wa mviringo), na ile inayochimba mfereji wa vidole kwa nyuma. Nishaurini.

FundiNyali: Kwa MDF chukua digrii 45. Unakata ukingo wa juu kwa nyuma, vidole vinaingia kutoka juu. Usiufikishe mkato hadi usoni ukaacha ncha kali. Bakiza unene wa mm 5 au 6, maana kwenye ncha rangi hubanduka upesi. Acha pia uwazi wa mm 20 hadi 25 chini ya kaunta. Nimeona milango mizuri kabisa ambayo kidole hakipiti.

mpenda_mninga: Kwa droo mimi nasema mfereji wa vidole. Unaacha mdomo mwembamba mbele, na mninga unaumudu kwa sababu nyuzi zinakwenda na urefu wa droo. MDF haina nyuzi ndefu za kuushika, ikigongwa na sufuria inamegeka. Biti yenyewe ni pana, kwa hiyo ifunge kwenye meza ya ruta, punguza mwendo, kula mbao kidogo kidogo kwa awamu tatu au nne. Mwisho wa mkato bana kipande cha mbao chakavu, la sivyo kona inachanika biti inapotokea.

Zuhura_Makabati: Mpenda_mninga, kwa uimara sikupingi, ila fikiria anayesafisha. Ule mfereji una kona ya ndani, na jikoni kwa watu wanaokaanga kila siku unga na mafuta vinaganda humo hadi uchokoe kwa kijiti. Kova ni mviringo mtupu, kitambaa kinapita mara moja. Nusu kipenyo cha mm 12 kwenye ubao wa mm 18 kinakubakizia mm 6 mbele, inatosha. Halafu makabati ya juu usiyapigie ruta kabisa: shusha mlango mm 20 chini ya sanduku, mtu anavuta kwa chini.

Seremala_Keko: Hilo la makabati ya juu limenipunguzia kazi, asante dada. Ruta yangu ina koleti (kibanio cha biti) za mm 6 na 8. Biti nyingi madukani ni za robo inchi, zitakaa?

FundiNyali: Hapana. Robo inchi ni mm 6.35, haiingii kwenye koleti ya 6, na kwenye ya 8 haibaniki. Usiizungushie karatasi wala kopo, biti ikichomoka inazunguka ni hatari kwako na kwa aliye jirani. Tafuta ya shanki (mkia wa biti unaobanwa) ya mm 8.

Seremala_Keko: Basi digrii 45 kwa milango, kova kwa droo, zote shanki ya 8. Kingo za MDF nitazipaka sila (ya kuziba vinyweleo) mara mbili na kupiga msasa kabla ya rangi.