The Grey Fox haijapoa: malalamiko yangu kwa wanaoidharau filamu hii

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mnivumilie, kwa sababu ninaandika nikiwa na hasira na uzi huu utakuwa mrefu.

Ijumaa iliyopita chaneli moja ya filamu, iliyomo katika king'amuzi ninachokilipia kila mwezi bila kuchelewa, ilitangaza kwamba saa tatu usiku itaonesha The Grey Fox, filamu ya Kanada ya mwaka 1982 iliyoongozwa na Phillip Borsos. Tangazo lenyewe lilipambwa kwa picha ya kijana aliyeshika bastola mbili, mtu ambaye hayumo kabisa katika filamu hiyo, na chini yake wakaandika kuhusu risasi na kisasi. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba hata watu wakivutwa kwa uongo, wakishakaa na kutulia watajionea wenyewe. Dakika chache kabla ya mwisho, wakati mzee Bill Miner, jambazi ambaye filamu inamhusu, ameshakamatwa na tunangoja kujua atafanywa nini, picha ikakatika, likaja tangazo la sabuni, na baada ya sabuni yakaja marudio ya mechi ambayo kila mtu mtaani kwetu alikwishaiona.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Binti aliyepokea alikuwa na adabu kweli, naye simlaumu hata kidogo. Akaniambia, "Pole sana mzee wangu, ila hiyo picha watazamaji wameilalamikia kwamba imepoa, haina mapigano, ndiyo maana wameitoa." Imepoa! Ni siku ya nne leo na neno hilo bado linanikereketa kooni.

Ni neno ninalolisikia kila filamu hii inapotajwa, hata kwa watu wanaojiita wapenzi wa filamu za kauboi. Tumelelewa na imani kwamba steringi hafi, steringi hazeeki, na steringi akiingia baa lazima meza zivunjike. Sasa anapokuja steringi mwenye nywele nyeupe, anayevua kofia kwa kila mwanamke anayekutana naye na anayewaomba radhi kwa usumbufu watu anaowapora, tunasema picha imepoa. Ningependa mtu mmoja aniambie ni kitu gani hasa kilichopoa humo.

Kwa wasioijua, Bill Miner alikuwa mtu wa kweli. Alikuwa mnyang'anyi wa magari ya farasi yaliyobeba abiria, barua na dhahabu huko magharibi mwa Marekani, akapewa jina la jambazi muungwana, na inasimuliwa kwamba amri ya "mikono juu" ilianzia kinywani mwake. Mwaka 1901 alitoka katika gereza la San Quentin, California, baada ya maisha ambayo filamu inatuambia miaka 33 ilipotelea kifungoni. Alipotoka, kazi yake ilikuwa imekufa. Barabara alizokuwa akizivizia sasa zilikuwa na reli, na mzee aliyepita miaka 50 akajikuta hana ujuzi mwingine wowote duniani isipokuwa kusimamisha kitu ambacho hakipiti tena.

Tazameni namna Borsos anavyoeleza jambo hilo. Bill yumo ndani ya treni, amekaa kimya kama mgeni aliyefika msibani asikojuana na mtu. Anatokea mchuuzi mwenye mashine ndogo ya kumenya matofaa: unachomeka tofaa, unazungusha mpini, na ganda linatoka kama utepe mrefu usiokatika. Ni kifaa cha jikoni tu, na mtoto wa siku zile angekiangalia mara moja akageuza uso. Lakini uso wa Richard Farnsworth, aliyeigiza kama Bill, unakitazama kwa mshangao na heshima, kisha kwa huzuni fulani isiyotamkwa, na hatimaye mzee anakinunua. Hakuna aliyetuambia kwamba dunia imempita. Tumeona ganda la tofaa likishuka, tukaelewa. Ninaomba mtu aniletee pigano la bastola la dakika kumi lililosema mengi kuliko hilo.

Nilipochunguza nikaelewa jicho hilo lilitoka wapi. Kabla ya filamu hii, iliyokuwa yake ya kwanza ndefu, Borsos alikuwa ametengeneza filamu fupi za hali halisi kuhusu kazi za mikono na mashine: Cooperage ya mwaka 1976 inahusu utengenezaji wa mapipa ya mbao, Spartree inahusu wakataji wa miti mirefu, na Nails ya mwaka 1979, iliyoteuliwa kuwania Oscar, inahusu misumari. Ndiyo, misumari. Mtu aliyeweza kuifanya misumari itazamike hawezi kushindwa na treni ya mvuke inayopenya misitu ya jimbo la British Columbia, Kanada, alfajiri, na anayesema picha hizo zimepoa nadhani alikuwa akizitazama huku anachati. Borsos alifariki mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 41 tu, na hilo pia linaniuma, kwa sababu mtu wa namna hiyo angepaswa kutuachia rafu nzima ya kazi.

Turudi kwa Bill. Anakwenda kwa dada yake katika jimbo la Washington, anajaribu kazi halali ya kuokota chaza kwenye matope, mgongo umeinama, na unamwona wazi kwamba hataiweza. Siku moja anaingia katika chumba cha kuoneshea filamu, kitu kigeni kabisa kwake, na kinachooneshwa humo ni The Great Train Robbery ya Edwin Porter, ile filamu ya kimya ya mwaka 1903 yenye jambazi anayewaelekezea watazamaji bastola na kufyatua. Watu wanashtuka. Bill hashtuki, macho yake yanawaka. Mzee amepata darasa. Yule aliyekuwa haelewi karne mpya inamtaka afanye nini ameoneshwa na mashine ya karne hiyohiyo kwamba siku hizi watu wanaiba treni. Mimi nilicheka kwa sauti sebuleni peke yangu, nikakumbuka vijana wa kwetu waliokuwa wakitoka kwenye vibanda vya video wakitembea kama Bruce Lee hadi nyumbani.

Na sasa nije kwa Farnsworth, maana hapa ndipo hasira yangu inapokuwa kali zaidi. Huyu bwana alizaliwa Los Angeles mwaka 1920, akaingia katika filamu miaka ya 1930 akiwa kijana anayejua farasi, na kwa miongo kadhaa kazi yake ilikuwa kuanguka kwa niaba ya wengine. Wenye majina walipigwa picha usoni; yeye alipigwa picha mgongoni, akidondoka kutoka kwenye farasi. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha waigizaji wa matukio ya hatari mwaka 1961. Dunia ilianza kumsikia akizungumza kwa uzito alipokaribia miaka 60, katika Comes a Horseman ya mwaka 1978 iliyompa uteuzi wa Oscar wa mwigizaji msaidizi, na The Grey Fox ndiyo iliyomkabidhi filamu nzima mabegani. Kwa hiyo unapomwona Bill akipanda farasi bila haraka, au akishika hatamu kwa vidole viwili tu, hapo haigizi. Hayo ni maisha yake mwenyewe ameyaleta mbele ya kamera, na hakuna mwigizaji maarufu wa wakati ule ambaye angeweza kujifunza utulivu huo kwa wiki sita za mazoezi.

Kanada yenyewe iliiona thamani hiyo. Filamu ilipata tuzo 7 za Genie, yaani tuzo za filamu za Kanada wakati ule, zikiwemo za filamu bora na mwongozaji bora, na Farnsworth akapata ya mwigizaji bora wa kigeni. Waandaaji wa Golden Globe nao walimteua. Watu wa Oscar wakampita kama vile hawakumwona. Orodha yao ya waigizaji bora wa kiume ya mwaka 1984 ilikuwa na Waingereza wanne na Robert Duvall, ambaye ndiye aliyeshinda; siwadharau, Duvall alistahili tuzo yoyote atakayopewa, lakini sitakubali kuambiwa kwamba hapakuwa na nafasi moja ya yule mzee. Walikuja kumkumbuka baadaye, alipoigiza The Straight Story ya mwaka 1999, ile ya mzee anayesafiri kwa trekta la kukatia nyasi, na kuteuliwa akiwa na miaka 79. Ndiyo maana leo ukitaja jina lake mtu anakujibu, "Yule mzee wa trekta la kukatia nyasi?" Ndiyo, ni yeye, lakini kabla ya trekta kulikuwa na farasi.

Kisha kuna hii tabia ya kila mjadala wa majambazi waliozeeka kuanza na kuisha na Unforgiven ya mwaka 1992. Ninaiheshimu Unforgiven na nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu. Lakini katika filamu hiyo mzee mwishowe anaingia baa na kuwamaliza watu, yaani anatupa kilekile tulichokuja kukitafuta, hata kama anatupa kwa uchungu. Bill Miner hatupi. Miaka kumi kabla, Borsos alikuwa ameshakataa.

Historia yenyewe inamuunga mkono. Septemba 1904 Bill na wenzake walisimamisha treni ya Canadian Pacific karibu na Mission, British Columbia, wakaondoka na maelfu ya dola. Baada ya hapo akaishi kwa jina la George Edwards, jirani mwema, mpole kwa watoto. Mei 1906 wakajaribu tena huko Monte Creek, karibu na Kamloops. Wakakitenga kichwa cha treni pamoja na behewa moja, wakakisogeza mbele, wakapekua, na fedha nyingi walizozitarajia hawakuzigusa. Kinachosimuliwa kuwa ndiyo mapato ya kazi yote ile ni dola 15 na senti kidogo, pamoja na vidonge vya ini. Wazee wetu husema ng'ombe hazeeki maini. Huyu alikwenda kuthibitisha msemo huo kwa bunduki, akarudi na dawa. Siku chache baadaye polisi wapanda farasi wakawakuta wanakula chakula cha mchana. Ukimpa mtu kisa kama hicho akakuambia kimepoa, basi hakuna kitakachompasha moto.

Wengine wananiambia kwamba kinachowakera ni mapenzi yaliyomo, ya mzee na mpiga picha Kate Flynn, aliyeigizwa na Jackie Burroughs. Hapo ndipo ninaposhangaa zaidi. Kate ni mwanamke mzima, anaishi kwa kazi yake, anabishana kuhusu haki za wanawake bila kupunguza sauti, na santuri yake inapiga opera katikati ya milima. Wanapendana kama watu wazima wanavyopendana, kwa mazungumzo na kwa kutazamana, kila mmoja akijua kwamba muda uliobaki si mwingi. Kama ni kosa, ni kosa la watazamaji waliozoeshwa kwamba baada ya miaka 50 mtu anabaki kuwa babu wa kutoa nasaha.

Sitasema filamu haina dosari. Mpelelezi wa Pinkerton, kampuni binafsi ya upelelezi ya Marekani, anayemfuatilia Bill ni kama sanamu ya mbao, anaingia na kutoka bila kutuachia chochote, na baadhi ya wenzake Bill wangestahili dakika kadhaa zaidi. Muziki wa The Chieftains, bendi ya Ireland, mwanzoni ulinitatiza, kwa kuwa sikuelewa Waayalandi wanatafuta nini humo, mpaka nilipoona jinsi filimbi zao zinavyokwenda sambamba na magurudumu ya treni.

Kwa miaka mingi ilikuwa taabu kupata nakala safi, na tuliobahatika tuliangalia kanda zilizofubaa ambazo misitu yake ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mwaka 2020 ikatoka nakala iliyosafishwa upya, na hiyo ndiyo iliyoanza kuoneshwa Ijumaa ile. Walikuwa nayo mikononi! Rangi zilikuwa zimerudi, mvua ilionekana tone kwa tone, na wao wakaikata ili watuoneshe mpira wa marudio. Kilichokatwa ni hiki: mji mzima unajitokeza kumsindikiza mfungwa kituoni, bendi inapiga, na Bill anapita katikati yao amenyooka kama bwana harusi.

Ninachodai kwa chaneli hiyo ni kidogo. Wairudie filamu nzima, bila kuikata, na watoe ile picha ya kijana mwenye bastola mbili. Nimekwishaandika barua pepe mbili na sijajibiwa.

Kabla sijakata simu siku ile, yule binti alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu asiyetaka msimamizi wake asikie, "Lakini mzee, kwani mwishowe alitoroka?"

Nikamwambia, "Binti yangu, hilo waulize waliokata."