df inasema nafasi ipo, Lustre inasema imejaa. Nani mkweli?

fundi_klasta: Wakuu habari za usiku. Nina klasta ndogo ofisini, Lustre (mfumo wa mafaili unaogawa data kwenye seva nyingi) yenye OST 6 (sehemu za kuhifadhia data), nimeikuta hivo hivo jamaa aliyeifunga alishaondoka. Tangu jana job za watu zinakufa na "No space left on device" ila nikipiga df -h (amri ya kuangalia nafasi ya diski) naona imetumika 61% tu, kwota hazijafika, na kinachonivuruga zaidi job hiyo hiyo ukiirudia saa nyingine inapita saa nyingine inagoma. Msaada jamani

pwani_root: Mkuu hiyo df inakujumlishia OST zote kama sufuria moja wakati unazo 6. Piga lfs df -h, lazima kuna moja imejaa pomoni. Faili lenye stripe count 1 (idadi ya OST linazogawanywa) linakaa zima kwenye OST moja, likiangukia kwenye iliyojaa unapata errno 28 (ndo hiyo "No space left"), likiangukia kwingine linapita, ndo bahati nasibu yako hiyo. Piga na lfs df -i, inode (nafasi za kusajili mafaili) zikiisha kilio ni kile kile.

fundi_klasta: Duh. OST0003 iko 100%, zingine hamsini na kitu.

pwani_root: Basi izuie isipokee mafaili mapya, kwenye MDS (seva inayotunza majina na mahali pa mafaili):
lctl set_param osp.*OST0003*.max_create_count=0
(namba ya mwanzo iandike pembeni uje uirudishe, watu wanasahau OST inakaa miezi haina kazi). Yaliyomo humo tayari ukiyaongezea bado yatagoma. Halafu msake mchawi, yaani faili kubwa lililoijaza:
lfs find /data --ost 3 --size +500G
Ukimpata mhamishe kwa lfs migrate -c 4, agawanywe kwenye OST 4, ila hakikisha hakuna anayeliandika muda huo.

mama_bakapu: Na wa NFS (mafaili ya seva moja yanayosomwa kupitia mtandao) msijione mmepona. Huko write (amri ya kuandika) inarudi freshi kabisa maana data bado iko kwenye RAM ya mashine yako, seva ikija kukataa error inatokea kwenye fsync (kulazimisha data ifike diski) au close (kufunga faili), na nani huwa anaangalia close imerudisha nini? Bakapu zangu za wiki nzima zilikatika katikati na skripti inaniandikia "imekamilika" kila asubuhi, nimekuja kujua siku nazihitaji 😭 Siku hizi naandika kwa jina la muda, fsync, nasoma jibu, ndo na-rename.

fundi_klasta: Mchawi kapatikana, tar moja ya 4T, stripe 1, kaiacha yule jamaa. Jina MUHIMU_usifute2.tar. Sijafuta, inahama saa hizi.

pwani_root: Na ya kwanza iko wapi? 😂