Naomba ushauri: malisho ya kijiji tuliyoyafunga yanaingiliwa usiku

Wakuu, habari za majukumu. Kijiji chetu kina eneo la malisho la pamoja lililokuwa limebaki udongo mtupu, makorongo kila upande. Tukakubaliana mkutanoni kulifunga lipumzike. Hatukupanda miche mingi. Tulitafuta visiki vilivyokuwa bado hai, kila kimoja tukakiachia machipukizi mawili matatu yaliyonyooka na kupogoa mengine, kisha tukachimba makinga maji kwa kufuata kontua (mstari wa mwinuko ulio sawa, unaokatiza mteremko). Msimu wa pili huu, nyasi zimefika magotini.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Nyasi zimeonekana, na ng'ombe nao wakaonekana. Usiku. Asubuhi unakuta alama za kwato juu ya tuta na machipukizi yamekatwa ncha. Tuliweka faini moja kwa wote, nadhani tulikosea: mwenye ng'ombe hamsini analipa huku anacheka, mwenye mbuzi watatu inabidi auze mmoja. Halafu wafugaji wanaopita kiangazi hatukuwaita kikaoni (hilo kosa ni letu kabisa).

Nimesoma kuhusu Elinor Ostrom, yule mama aliyepata Nobel ya uchumi 2009, kwamba adhabu ianze ndogo na ipande kwa anayerudia. Mliofanya hivyo, viwango mlipangaje? Na kuruhusu watu wakate nyasi wabebe, bila kuingiza mifugo, kunapunguza wizi au ndiyo kufungua mlango? Walinzi wetu wanajitolea tu, na wameshaanza kuchoka.